Mtundu Aliyetulia

Kamera yangu nayo ni mti.
Mlimuka, seremala wa Ng'ambo, aliuunga kwa mninga
ubavu wake ulioliwa na mchwa, akanitoza elfu nane
na swali: "Sanduku lote hili, picha ngapi?"
Moja, nikasema. Akacheka hadi randa ikamponyoka.

Basi tumefika, mimi na sanduku, nje ya Tutuo.
Septemba. Majani mapya ya miyombo mekundu kama nyama mbichi,
wekundu ambao filamu yangu haiujui.
Nimebaki na karatasi mbili; tarehe yake ilikwisha
kabla mwanangu Nyanzala hajaota meno.

Huyu anaitwa mtundu.
Nani alimpa jina hilo? Mtundu ninayemjua mimi
hakai kitini dakika, humwaga uji, huuma wenzake.
Huyu ametulia tangu kabla ya reli.
Kiunoni ana kovu, refu kumzidi mtu,
walipomvua gome wakashona mzinga;
kando ya kovu nyama imerudi, imevimba
kama mdomo uliotaka kusema ukaghairi.

Najifunika kaniki ya marehemu shangazi,
bado inanuka bani la tumbaku.
Humo gizani, kwenye kioo chenye ukungu,
mti unaning'inia kichwa chini:
mizizi imeshika mbingu,
matawi yanachota mchanga,
nyuki wanapanda kwa kushuka.
Nasogeza mvukuto kwa kiasi cha unywele.
Taswira inakaza, inalegea,
inakaza.

Ndipo baiskeli.
Magunia matatu ya mkaa na mtu nyuma akisukuma,
Magulu, wa Kisanga. "Nipige na mimi."
Simama pale shinani, nikamwambia, nipate kipimo.
Usitikisike. Hesabu ni arobaini.
Nikavua kofia ya lenzi.

Moja, mbili, upepo ukanyamaza,
kumi na tisa, nyuki akatua shingoni mwake,
ishirini na sita akajipiga kofi, akainama,
akatukana kwa Kinyamwezi, akacheka.
Mti haukucheka.
Arobaini.

Usiku, bafuni, Cheyo, mlango nimeuziba kwa blanketi.
Taa nyekundu tu. Wekundu uleule usiojulikana
ndio unaoniruhusu kuchungulia.
Natikisa beseni.

Magulu hayupo.
Pana ukungu wa shati, na ndala moja ya tairi, basi.
Mti upo wote, kila ufa wa gome,
na baiskeli, ambayo haikupumua, ipo;
na kwa kuwa humu kila kitu kimegeuka
mbingu ni nyeusi tii
na mkaa, pale midomo ya magunia ilipofumuka,
unang'aa mweupe
kama unga unaotoka kinuni.

Jumamosi atapita kuchukua picha yake.
Karatasi imebaki moja.
Sikumwuliza ule mkaa
ulikuwa mti gani.