Naenda Kukaa

Miaka ishirini na sita kwenye dirisha la tatu, Posta ya Tabora,
nimegonga mihuri ili vitu viende.
Vifurushi vya asali vilivyovuja, fomu za mitihani,
barua za wavulana wa sekondari zinukazo marashi ya dada zao,
vyote vimeondoka.
Mimi nimebaki na wino kwenye kidole gumba.

Mwezi wa saba natimiza hamsini na mbili.
Nina likizo zilizolundikana kama magunia ya karanga
na hela ya kikoba, zamu yangu imefika.
Nimemwambia mwanangu Nyanzala: naenda Zomba, miezi sita.
Akaacha kumenya viazi.
Kuna msiba? Hakuna.
Kuna mgonjwa? Hakuna.
Ni semina? Biashara ya vitenge?
Hakuna, mama. Naenda kukaa.
Kukaa? Si unakaa hapa?

Ndiyo. Hapa nakaa kama kigoda.
Huko nataka kukaa kama maji mtungini,
yapoe polepole, yashike harufu ya udongo wa watu.

Babu wa baba yangu alitembea hadi pwani
na jino la ndovu begani, si lake.
Alirudi na kovu na shuka moja ya kaniki.
Hakuna aliyemuuliza aliona nini Ugogo,
maji ya wapi yalikuwa matamu.
Mimi nitabeba mkoba ninaoweza kuunyanyua mwenyewe:
magauni manne, kanga mbili,
dawa za presha za miezi sita.
Daktari wa Kitete kanipa za miwili, kasema urudi.
Hapo ndipo mpango ulipopasuka mara ya kwanza.
Nimeandika: uliza huko zinaitwaje, ni bei gani.

Daftari lenyewe ni la hesabu, la Nyanzala, darasa la sita.
Upande mmoja sehemu na desimali,
upande wa pili kodi ya chumba, mkaa, sabuni,
na kitu nilichokipigia mistari miwili:
PESA YA KURUDI, USIGUSE.
Njia nimeipanga kwa usingizi, si kwa kilomita.
Sikonge nilale mbili, Rungwa moja,
Chunya hadi nichoke nayo, Mbeya ninunue sweta.
Mpakani sijui. Mpakani nimeacha nafasi.

Kwa nini Zomba? Hata mimi najiuliza nikisonga ugali.
Mwaka fulani kadi moja ilipotea njia ikaangukia kwangu,
mlima wa bluu, na nyuma Kichewa nisichokielewa
ila neno lililojirudia, pang'ono pang'ono,
nikalimung'unya kama ubuyu hadi jioni.
Kadi niliituma ilikotakiwa. Sheria ni sheria.

Shemeji Mlekwa anasema mwanamke wa umri huu akiondoka
watu watajadili kaachwa au karogwa.
Wajadili. Mume wangu ana miaka tisa kaburini, hana kinyongo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Ndiyo ninayoitaka, hiyo ya tatu,
na ya thelathini, na ya mia:
nipewe jembe, nipewe zamu ya kisima,
nikosee salamu watoto wanicheke,
nimjue muuza nyanya anayepunja
na niendelee kununua kwake.

Jana nilibaki ofisini baada ya kufunga.
Nikajiandikia barua. Kalunde Kasele,
kwa mkono wa Posta ya Zomba, ikae hadi ifuatwe.
Ndani hamna neno, ila jani la mninga na tarehe.
Stempu ya kawaida, si ya haraka.
Tuone nani atatangulia.
Nikagonga muhuri, nikaupuliza ukauke,
kisha nikageuza bahasha,
pale tunapowasisitizia wateja kila siku:
Isipofika irudishwe kwa —
nikashika kalamu
hadi mlinzi akagonga mlango,
na pakabaki peupe.