Mama Mkubwa

Baarin, mwezi wa pili. Wino unaganda kwenye brashi.
Naibana kwapani kama kipimajoto, nangoja.
Jiwe la kaburi limelala chali,
theluji imejaa katika kila mchoro,
na Jamsran, anayelipwa kulinda shimo hili usiku,
anachochea moto wa mavi makavu ya ng'ombe
akiniuliza kwa mara ya tatu tangu alfajiri:
"Haya, mfu wako kasema nini?"

Sijui, Jamsran.
Katika alama kumi nasikia tatu,
na moja ya hizo nimebahatisha.
Wakitani waliandika kwa kubebanisha silabi,
kama watoto wanaopandana mabegani kuchungulia ukutani.
Kisha dola ikaanguka,
na wa mwisho kujua kusoma
akafa bila kumwambia mtu.

Lakini tega sikio. Jua, sisi twasema nar.
Wao, nair.
Mwezi, sar. Wao, sair.
Na yule sungura aliyekukatia njia jana
ukageuza farasi, tuulai wetu yule,
kwao ni taulia.

Jamsran anacheka mpaka chai ya chumvi inammwagikia.
"Shemeji yangu wa Tongliao huyo, akishalewa!
Basi si ndiye bibi yetu?"

Hapo ndipo wasomi hutoana macho.
Si bibi. Hakutuzaa.
Nina mchoro wa penseli: shina moja, Serbi,
nimelitia nyota ubavuni,
na nyota maana yake hatukumwona, twamkisia.
Mabinti wawili. Mmoja ndiye mama yetu.
Wa pili ni mama mkubwa
(au mdogo; nani alishuhudia kuzaliwa kwao?),
aliyevaa hariri, akawa na miji mikuu mitano,
akaingia kaburini na wanawe wote.

Huenda nimekosea. Maneno huazimwa kama sufuria,
na sufuria ya jirani haikufanyi ndugu yake.
Ila mtu haazimi jua. Haazimi mwezi.
Au huazima? Usiku nalala na swali hilo, soksi mbili mbili.

Asubuhi, kando ya jiwe,
nyayo za buti zinakwenda na kurudi,
na bakuli la maziwa yaliyokwisha kuwa barafu.

"Nani kaweka hili?"
"Sungura," anajibu, haniangalii.
Anatafuna mkate, anameza.
"Taulia," anajisahihisha.