Kahawia Tatu

Bwana mkaguzi, uliniuliza mbele ya watoto
somo langu hupimwa vipi,
ukangoja, kalamu juu ya kisanduku kitupu.
Nilikupa neno la kiofisi. Ukaliandika, ukarudi zako Maskati.
Leo ninalifuta.

Hapa Ibra kipindi cha sanaa ni Jumanne, cha mwisho,
watoto wamekwishaiva kwa joto.
Mitihani ikikaribia huazimwa na hesabu,
na hesabu, kwa ujuzi wake wote wa kujumlisha na kutoa,
haijawahi kulipa deni.

Nina brashi kumi na tisa kwa watoto thelathini na wawili.
Vigilasi vya jibini, vilivyooshwa, ndivyo vikombe vya maji.
Ufunguo wa kabati anao mwalimu wa michezo.

Mwaka juzi niliwaambia: choreni mlima.
Wote wakashika kahawia ileile,
wakachora pembetatu, na jua lenye meno ya kitana.
Mlima gani huu? nikauliza.
Mlima, wakanijibu.
Nikawatoa nje.

Ulikuwa palepale tangu wazaliwe,
na hakuna aliyewahi kuusabahi.
Tulikaa nyuma ya vyoo, ndiko kwenye kivuli,
tukautazama hadi macho yakaacha uvivu.
Mundhir akasema una kijani ndani, kama chupa.
Mwingine akasema zambarau. Wakamcheka,
wakatazama tena, wakanyamaza.
Ghaniya, ambaye neno lake la kutwa nzima
ni lile la kuitikia jina,
alinivuta mkono wa abaya:
Bi Muhsina, kahawia ziko tatu.

Ya chini ina vumbi.
Ya kati ni tende iliyosahauliwa juani.
Ya tatu haikuwa na jina.
Ichanganye, nikamwambia, jina litafuata.
Alichanganya wiki nne. Aliharibu karatasi kumi na moja,
nazo, Bwana mkaguzi, zimo kwenye fomu yako
chini ya neno *upotevu*.

Kisha ile siku mvua ilinyesha juu, tusikokuona,
na huku kwetu jua linawaka.
Vijana walikuwa ndani ya wadi wanaosha gari,
Yaarub, kaka yake, maji yakimfika magotini, redio imefunguliwa.
Ghaniya yuko ukingoni na viatu vyao.
Akaona maji yamegeuka. Si machafu, si masafi:
ni ile ya tatu.
Akapiga ukelele kwa Kiswahili cha bibi yake,
maana hofu haina muda wa kutafuta kamusi:
Tokeni! Yaarub, toka!
Walitoka, nadhani, kwa mshangao tu
wa kusikia kwamba ana sauti.
Gari lilikwenda kama kibiriti mferejini.

Mji mzima ukasema, kumbe sanaa ina faida.
Mwalimu mkuu akaniita kwa chai ya karaki,
akaniahidi brashi. Nilishukuru, ninazihitaji.
Lakini nilirudi nyumbani na kitu kimenikwama kooni.

Kwani Mundhir na kijani chake cha chupa
hajamwokoa mtu.
Yule wa zambarau hajamwokoa hata kuku.
Na lau mvua ile isingenyesha,
lau gari lingerudi linang'aa na vijana wanaimba,
kahawia zingekuwa bado tatu,
na mtoto wa miaka tisa angekuwa bado ameziona
mahali ambapo mimi, mwalimu wake,
nilikuwa nikiona mlima.

Hilo ndilo jibu. Naona kisanduku chako ni kidogo.
Kiache kitupu ukitaka.

Ghaniya yuko darasa la sita sasa, jengo la pili.
Bado ni mchache wa maneno.
Jana alipita dirishani kwangu, begi begani,
akasimama kama aliyesahau kitu,
akasema: Bi Muhsina, ziko nne.
Akaenda kupanda basi.

Nimetoka nje na kiti.
Bado natafuta.