Mara ya Kumi na Moja

Meli ina ghorofa kumi na mbili, nimezihesabu.
Imefunga gatini Malindi, haiendi popote.
Kwenye filamu inaondoka.
Sisi, watu arubaini wa Funguni na Mchangani,
tumelipwa elfu thelathini na chupa ya maji
tuiage.

"Bi Mize, punga kama unamjua mtu mle,"
kasema kijana wa kipaza sauti.
Nikapunga. Mara ya pili jua likaingia wingu.
Ya tano, ikaadhiniwa adhuhuri:
mnasa sauti akavua vidude vyake masikioni
akangoja, tukangoja, na meli nayo ikangoja.
Ya nane nilikuwa na njaa tu.

Vuai aliondoka na meli kama hii,
kuosha masufuria ya watu wanaoizunguka dunia kwa raha.
Siku ile nilikuwa na chapati mekoni.
Nenda, nikamwambia bila kugeuka,
nenda, zitaniungulia.
Haikuungua hata moja.

Mara ya kumi na moja mkono ulinyanyuka
kabla ya kuamriwa.
Dirisha la tatu kutoka tezi, pazia lilitikisika,
nikaita jina.

"Kata!" Kijana kaja mbio, kicheko mdomoni.
"Vizuri, mama, ila umezidisha.
Wewe uko nyuma kule, huonekani."

Sawa, mwanangu, nikasema.
Nikajifuta kwa ncha ya mtandio.
Turudie basi.
Bado haijaondoka.