Tatu na Robo, Toa

Kitangari, darasa la tano, kipindi cha pili.
Ubaoni niliandika: tatu na robo,
toa moja na robo tatu,
na watoto sitini na mmoja wakanitazama
kama wanaotazama mlango wa duka lililofungwa.

Dadi Nanguka, asiyeogopa kukosea, akasimama:
"Tatu toa moja, mbili. Robo tatu toa robo, nusu.
Mbili na nusu, Mwalimu!"
Alikuwa ameigeuza hesabu kichwa chini ili mambo yaende.
Nimewaona watu wazima wakifanya hivyohivyo.

Nikaweka chaki.
Nikatoa muhogo ndooni, mbichi, mnene kama ngumi,
nikaukata duara duara kwa kisu cha jikoni.
Muhogo ni mwalimu kunishinda:
kila duara limezaliwa na kitovu chake,
ule uzi mgumu wa katikati,
huhitaji rula kujua pa kupitisha kisu.
Kata mara moja, nusu. Kata tena, robo.
"Shikeni," nikasema. "Msile."
(Walikula. Kundi la dirishani lilibaki na mbili na hewa.)

Basi, tatu nzima na robo, juu ya dawati.
Toeni moja. Ikatoka, zikabaki mbili na robo.
Sasa toeni robo tatu.
Mikono ikasimama.
Robo ilikuwa moja tu, inachuruzika utomvu.

"Hapo tunakopa," nikasema, kama nilivyofundishwa Njombe,
"tunakopa moja kwa jirani."

Somoe Chilumba akaweka kisu chini.
Si msemaji, Somoe. Siku hiyo alisema:
"Nyumbani tumekatazwa."
"Mmekatazwa nini?"
"Kukopa. Baba alikopa unga masika, kangomba.
Korosho zilipoanguka, zote zikaenda na mwenye unga.
Mikorosho ni yetu. Tunaokota, hatuuzi."

Mwaka wangu wa kwanza huku, niliposikia kangomba
nilidhani ni ngoma, nikauliza inachezwa lini.
Njaa ikiingia, wakanijibu,
na anayecheza ni mmoja.

Darasa likanyamaza.
Harufu ya mabibo ikaingia dirishani bila kubisha hodi.
Nikatazama kitabu, nikatazama yale maduara mawili.
Miaka kumi na minne nimelifundisha neno hilo
na sijawahi kujiuliza: anayekopwa ni nani?
Atarudishiwa lini, na kwa kipimo cha nani?

Nikalifuta.
"Somoe, una noti ya elfu kumi, unataka chumvi ya mia tano.
Mwenye duka hana chenji. Unafanyaje?"
"Naenda kuichenji."
"Umekopa?"
Akafikiri. "Hapana. Ni ileile."

Ni ileile.
Akachukua duara moja, lake,
akapitisha kisu kitovuni mara mbili,
robo nne zikalala pamoja na ile ya mwanzo: tano.
Moja, mbili, tatu, akazisukuma kwa Dadi
ambaye, kwa mara ya kwanza, hakuzila.
Zikabaki mbili. Akaziweka ubavu kwa ubavu,
zikashikana kwa utomvu wao wenyewe
zikawa nusu.
Na pembeni nzima moja, haijaguswa na kisu.

"Moja na nusu," akasema,
si kwangu, kwa muhogo.

Jioni nikasahihisha madaftari.
Wengi walipata. Wengine bado wanageuza,
nitawaletea muhogo mwingine Alhamisi.
La Somoe: hesabu tano, vema tano,
na chini ya kila moja, bila kuombwa,
kwa mwandiko wa mtu anayeandika risiti:
*Sijakopa. Nimechenji.*

Nikaweka vema ya sita.