Kopo la Hermínia

Chini ya sinki, nyuma ya sabuni na matambara,
nimekuta kopo la biskuti, zito kuliko biskuti.
Nikalitikisa. Likanijibu kama mvua ya mawe
juu ya paa la kiwanda.

Mama alifuma sufu miaka thelathini na minne
hapa Covilhã, ambako mlima hushusha maji baridi
na mitambo ilishusha kelele.
Kelele zikamla masikio kama nondo alavyo koti,
leo tundu, kesho tundu,
hata siku moja nikamwita jikoni
naye akaendelea kumenya viazi.

Ndipo zikaja hizi,
betri ndogo kama vifungo vya shati la mtoto.
Unabandua kikaratasi cha rangi ya chungwa,
unangoja dakika moja ivute pumzi,
unaitia kwenye kifaa, kifaa sikioni.
Juma moja. Siku kumi akibana matumizi,
maana alikizima kila nilipoanza kulaumu.

Nimezimwaga mezani. Nimehesabu mpaka mia tatu na ushei, nikachoka.
Hii labda ni juma la talaka yangu.
Hii, nilipompigia kutoka Lyon nikasema nina haraka.
Hii yenye ukungu mweupe ukingoni, sijui.
Huenda alisikiliza redio tu.

“Tupa na taka,” asema Eufrásia wa ghorofa ya chini,
“vitu vyenyewe vimekufa.”
Vimekufa wapi! Betri iliyokwisha
hubaki na uchungu wake.
Ifukie chini ya maganda, itavuja,
itashuka na mvua hadi Zêzere, samaki wanakotaga.
Iache sakafuni, na mjukuu wako Tomé,
mwenye meno manne na mwaka mmoja,
hajui kifungo wala peremende,
na koo lake halina subira.
Eufrásia akanyamaza. Akaniletea mkasi.

Tukakata utepe usiku kucha,
tukazifunika nyuso moja moja
zisije zikagusana zikawashana moto njiani.
Kazi ya kipuuzi, kama kuvika mchwa viatu.

Asubuhi nikashuka ngazi mpaka kwenye mapipa:
la kijani la chupa, la buluu la karatasi,
na ubavuni kijisanduku chekundu
chenye tundu dogo, kama sikio.
Nikazitia. Kila moja ikasema tik.
Wanasema zinki yake huyeyushwa, ikarudi
ndoo, bati, komeo la mlango wa mtu.
Sijaona kwa macho. Nimeamini tu.

Moja nilirudi nayo.
Ilikuwa bado na kikaratasi chake.
Nimekibandua, nimengoja dakika moja,
nimeitia kwenye kifaa cha mama, nikakifumbata,
nacho kikapiga mluzi mwembamba kiganjani,
kama kufahamu kwamba kuna mtu.

Juma moja. Siku kumi nikibana.
Kijisanduku kitangoja.
Leo sina haraka, mama.