Mtumiaji wa Mwisho

Saa nane usiku, geti la bandari ya Mtwara,
mashine imelia.
Lori la Nangumbi limeganda kati ya nguzo mbili
kama mtoto aliyefumwa na sukari mkononi.
"Mbolea tu hiyo, Bi Somoe."
Najua. Mbolea hulia. Vigae vya chooni hulia.
Juzi ilimlilia mama lishe wetu,
katoka Dar kunyweshwa dawa ya tezi;
tukamcheka, naye akacheka, akatupimia wali.

Hata hivyo nashika kipimo, napanda,
mfuko kwa mfuko.

Kwenye semina walitutundikia ramani:
hawa walitia saini,
hawa walitia, kisha wakairudia kalamu yao,
hawa hawakufika kabisa.
Nikauliza, na wale watano walioandika sheria?
Mbona wanatuhimiza kufunga
na midomo yao inang'aa mafuta?
Mkufunzi akanywa maji.

Kaka yangu Chande aliuliza hilohilo,
kule Msimbati, miaka ya baruti:
"Meli zao zinakomba bahari mchana kweupe.
Mimi, kwa chupa moja, ndiye mhalifu?"
Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.
Alikuwa na haki, na chupa ilikuwa na utambi mfupi.
Matumbawe hayakuuliza nani kaanza.
Siku hizi anakusalimu kwa kushoto,
anatanguliza samahani,
na vifungo vya shati anafungwa na binti yangu.

Wanasema iko siku yatapita hapa
mapipa ya unga wa njano kutoka bara.
Nami nitakuwepo, na fomu hii hii,
mstari wa kumi na tano:
*Mtumiaji wa mwisho ni nani?*
Nitaandika jina la nchi.
Nchi itaapa ni kwa ajili ya taa.
Nitagonga muhuri, maana kiapo hakina harufu
na kipimo changu hakisomi moyo.

Lakini mtumiaji wa mwisho siye mnunuzi.
Ni mtu fulani aliyelala,
dirisha wazi kwa sababu ya joto,
atakayedhani kumekucha.

"Bi Somoe, Newala wananisubiri!"

Naandika: Ushirika wa Wakulima, Newala.
Pita, namwambia.
Lori linapita,
na mashine, kwa kuwa haikufundishwa kuzoea,
inalia tena.